Safari ya Yucatán, sehemu ya 3: Miji iliyokunywa mvua

Mama wenzangu, nimerudi. Wiki hii mmeniuliza sana: nesi mzima unawaacha watoto kwa bibi yao, unakodi gari peke yako huko Meksiko, halafu Chichén Itzá kwenyewe unakuruka? Ndiyo, nakuruka. Nakwenda vilima vya Puuc, kusini mwa Mérida, na kinachonipeleka ni maji.

Iko hivi. Rasi ya Yucatán ni mawe ya chokaa matupu. Mvua ikinyesha inazama yote chini, mto huoni. Kaskazini Wamaya walichota kwenye senote, yale mashimo makubwa ya asili yanayofika mpaka maji ya ardhini. Puuc hata hayo hakuna, maana ardhi imeinuka na maji yako mbali mno chini. Na kiangazi ni kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili. Hapo hapo ndipo walipojenga Kabah, Sayil na Labná. Sayil peke yake wanaakiolojia wanakadiria ilikuwa na watu wapatao 10,000 katika karne ya 9. Jamani, elfu kumi! Kwangu bomba likikauka siku mbili tu nyumba haikaliki.

Walichofanya ni kuchimba uani kitu kinachoitwa chultun. Fikiria mtungi mkubwa uliozikwa: shingo nyembamba, tumbo pana, ndani umepigwa lipu ya chokaa usivuje. Ua kuizunguka shingo ulisakafiwa ukiwa umeinamia tundu, ili mvua yote itiririkie humo. Maana yake, kabla ya mvua za Mei mtu alipaswa kuufagia ule ua vizuri, la sivyo mavi ya bata mzinga yanaingia kwenye maji ya mtoto. Hilo sikuliona kwenye kitabu, nalijua kwa kazi yangu.

Ndiyo maana kule Kabah jengo moja lina sura karibu 250 za Chaac, mungu wa mvua, mwenye pua ndefu iliyopinda.

Halafu mvua ikagoma. Mwaka 2025 watafiti walichapisha walichosoma kwenye jiwe lililokua tone kwa tone ndani ya pango la Tzabnah, huko huko Yucatán. Kati ya mwaka 871 na 1021 misimu ya mvua ilikauka mara nane, kila mara miaka mitatu au zaidi mfululizo. Mara moja ilifika miaka 13. Hakuna chultun inayovuka miaka 13. Vita na siasa vilikuwepo pia, na wataalamu wanabishana kipi kilizidi, ila mimi namuwaza mama aliyeshusha kibuyu kwa kamba kikagonga sakafu kavu. Miji ikaachwa.

Mwaka 1841 Mmarekani John Lloyd Stephens na mchoraji Frederick Catherwood walifika Yucatán wakiwa na daktari wao, Samuel Cabot, ambaye pale Mérida aliwafanyia watu upasuaji wa makengeza. Walipokaa Uxmal homa ikawalaza wote watatu, daktari naye (habari za mbu na malaria zilikuwa bado hazijajulikana). Baadaye wakafika Bolonchén, jina lenye maana ya visima tisa. Visima vikikauka, wenyeji walishuka kwenye pango la Xtacumbilxunaan kwa ngazi kubwa ya magogo, wakapanda tena na maji mgongoni. Catherwood aliichora ngazi ile. Nimeutazama mchoro huo mara nyingi mno, na pango limo kwenye ratiba yangu.

Ratiba yenyewe: nalala Santa Elena. Asubuhi naanza Kabah, ambako barabara inapita katikati ya magofu, kisha nakata kushoto kwenda Sayil, Xlapak na Labná, zote ziko karibu karibu. Kesho yake Bolonchén. Usiku siendeshi, vijiji vya kule vina matuta hayahesabiki. Tanki najaza Mérida, pesa taslimu mkononi, ramani naipakua mapema. Maji dumu zima kwenye buti, na ORS. Pakiti moja kwa lita moja ya maji safi na salama, siyo kwa kikombe, nimeshawaambia mara ngapi?

Sehemu ya 4 nitaandikia Santa Elena, mtandao ukikubali.