Mfuko, Shule na Daftari

Mwaka 1954 huko Denmark, muuguzi Elise Sørensen alimwona dada yake Thora akijifungia ndani. Thora alikuwa amepasuliwa na kuachiwa tundu tumboni la kutolea choo, na kwa hofu ya kuvuja mbele za watu akaacha kutoka. Kwa madaktari kazi ilikwisha: ugonjwa umetolewa, mshono umefunga. Kwa Elise ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Akabuni mfuko wa plastiki wenye gundi ya kushika kwenye ngozi, wa kutumia na kutupa. Wenye viwanda walimkatalia. Hata Aage Louis-Hansen, aliyekuja kuutengeneza, alisita mpaka mkewe Johanne, naye akiwa muuguzi, alipomshawishi.

Marekani walipita njia nyingine. Norma Gill hakuwa muuguzi. Alikuwa mgonjwa aliyeteswa miaka mingi na vidonda vya utumbo mpana hadi daktari Rupert Turnbull akampasua na kumwachia tundu tumboni. Mwaka 1958 Turnbull alimwita kufanya kazi naye katika hospitali ya Cleveland Clinic, awafunze wengine kuishi na tundu lile, na mwaka 1961 mafunzo hayo yakawa shule.

Zilinganishe njia hizi mbili. Huko Denmark ujuzi ulitiwa ndani ya kitu, kikafungwa kwenye boksi na kuvuka bahari. Cleveland ujuzi ulibaki kwa watu, ukapita mkono kwa mkono. Kitu husafiri haraka, lakini hakimjibu anayeuliza alaleje usiku, au mchumba aambiwe lini. Na hata mfuko wenyewe unataka mwalimu. Uwazi wake hukatwa kulingana na ukubwa wa tundu. Ukizidi, majimaji ya utumbo mwembamba, ambayo kazi yake ni kusaga chakula, huanza kuichoma ngozi. Ngozi ikichubuka gundi haishiki, mfuko unavuja, na mgonjwa anarudi kujifungia kama Thora. Kwa hiyo mimi naegemea upande wa Cleveland, japo bila mfuko shule ile ingekuwa na machache ya kufundisha.

Njia ya tatu ni ya wauguzi watafiti, wanaopima na kuhesabu. Mwaka 2003 Christine Norton, muuguzi wa Uingereza, alichapisha na wenzake utafiti wa wagonjwa 171 walioshindwa kuzuia choo. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne: wa kwanza walipewa maelezo na ushauri tu, wa pili wakaongezewa mazoezi ya misuli ya haja, wa tatu wakafanya mazoezi hospitalini kwa mashine inayoonyesha nguvu ya misuli, wa nne wakapewa na kifaa cha kutumia nyumbani. Wengi walipata nafuu, lakini mashine haikuongeza chochote. Waliokaa na muuguzi, wakasikilizwa na kuelekezwa, walifika walikofika wenye vifaa.

Huko Seattle, Marekani, muuguzi mtafiti Margaret Heitkemper na wenzake waliwashughulikia wenye tumbo linalouma, kujaa na kubadilika kila mara ilhali vipimo havionyeshi kidonda. Hawa ndio huambiwa hawana kitu. Wauguzi waliwapa daftari la kuandika kila siku maumivu, choo, usingizi na, kwa wanawake, siku za hedhi. Likawa kumbukumbu ya kitu ambacho kamera ya utumbo haikioni. Mwaka 2009 walionyesha kwamba mafunzo ya wiki kadhaa kutoka kwa muuguzi, juu ya chakula, kutuliza mwili na namna ya kuyachukulia maumivu, yalileta nafuu kuliko matibabu ya kawaida, na yalifaa hata sehemu yake ilipofanywa kwa simu.

Njia hii ya kupima na kuhesabu ina kasoro. Kwa kanuni zake dada mmoja aliyejifungia ndani si ushahidi, na katika wastani wa watu 171 Thora hupotea. Hata hivyo ndiyo iliyoyapa mazungumzo ya muuguzi uzito ambao mweka bajeti hawezi kuupuuza.

Kwetu Afrika Mashariki matokeo ya Norton yasisomwe kwa pupa. Ni rahisi mtu kushangilia kwamba dawa ni maneno, na maneno ni bure. Si bure. Muuguzi mwenye wodi nzima mikononi hana nusu saa ya kumpa mtu mmoja. Simu ya Seattle naiamini zaidi, kwa kuwa simu mgonjwa wetu mara nyingi anayo tayari, na akishapanda basi kurudi kijijini ndiyo njia nyepesi ya kumfikia.

Lakini daftari letu lianze na swali la Elise: mgonjwa anaishije baada ya mshono kufunga? Aliyetoka hospitali ya rufaa Mwanza au Kisumu na tundu tumboni, mifuko aliyopewa ikiisha anafunga nini: kitambaa, mfuko wa rambo, kopo? Ngozi yake inakuwaje baada ya mwezi? Bado anakwenda sokoni, msikitini, kanisani? Muuguzi wa zahanati ya jirani anaweza kuyauliza hayo na kuyaandika, akipewa muda na akalipwa kwa kazi hiyo.