Kutoka Mtungi wa Petroli Hadi Paneli: Habari ya Maji Yetu

Hesabu za miaka kumi mtaziona kurasa za mbele. Mimi nimepewa kazi ya kueleza habari ya maji, maana hapo ndipo chama chetu kilipokaribia kuvunjika.

Tulipoanza mwaka 2015 tulikuwa na pampu moja ya petroli, ya mitumba, yenye makelele ya kusikika ng'ambo ya mto. Siku ya kumwagilia mtu alitumwa na mtungi wa lita tano, na mara nyingine alirudi nao mtupu kwa sababu mnunuzi wa nyanya hajalipa. Na nyanya ikishatoa maua haingoji mtu atafute hela.

Wazo la sola lilipoletwa mkutanoni, baadhi ya akina mama walisema hayo ni majaribio ya juzi. Kumbe ni ya zamani. Mwaka 1913, pale Maadi karibu na Kairo, Mmarekani aitwaye Frank Shuman alijenga mifereji mitano ya vioo, kila mmoja zaidi ya mita 60. Jua lilichemsha maji, mvuke ukaendesha injini, na injini ikavuta maji ya Nile kwenda mashambani, zaidi ya lita 20,000 kwa dakika. Mwaka uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza, mtambo ukaachwa. Shuman alifariki 1918. Baadaye mafuta yakawa rahisi, na jua likasahauliwa miaka mingi.

Pampu za paneli zilikuja baadaye. Huko Mali, Padre Bernard Verspieren alianza kuzifunga mwaka 1977. Lakini habari iliyotugusa sisi ni ya Kalalé, kaskazini mwa Benin. Mwaka 2007 vikundi vya akina mama kama sisi, 30 hadi 35 kila kikundi, vilipata bustani za nusu hekta. Pampu inavuta maji mchana, yanaingia tangini, kisha yanashuka yenyewe kwenye mipira ya matone. Betri hakuna. Zamani walikuwa wakibeba maji kwa kichwa.

Hapa Kenya wengi tunaikumbuka pampu ya kukanyaga ya MoneyMaker, ya mwaka 1996. Hiyo haikula petroli, ilikula magoti yetu!

Sasa ugomvi wenyewe. Pampu ya petroli ni rahisi kununua, ghali kulisha. Ya sola ni kinyume: unatoa pesa nyingi siku moja. Wengi walitaka akiba igawanywe Desemba kama kawaida, na sikuwalaumu, karo ya Januari ilikuwa mlangoni. Mama mmoja mzee akasimama akasema, "Hela ya petroli tunaitoa kidogo kidogo, ndiyo maana hatuioni ikienda." Hata hivyo kura ilishindwa, na wawili walihama chama. Mwaka 2023, mwezi wa Septemba, petroli ilipopita shilingi 211 kwa lita pale Nairobi, tulipiga kura tena na haikuchukua hata nusu saa. Tulikopa kwenye sanduku letu wenyewe.

Si kwamba matatizo yaliisha. Mwezi wa Julai mawingu yanakaa na tangi halijai. Kubwa zaidi, petroli ilikuwa inatufunga breki: ikiisha, unazima. Jua halina bili, basi watu waliacha maji yakitiririka mpaka jioni, na majirani wa chini ya mto wakaja kulalamika. Walikuwa na haki. Tukaweka zamu, saa tatu kwa kila upande, na daftari la kutia sahihi.

Zamu hizo bado zinaleta maneno kila mkutano. Pampu ya zamani iko stoo; nusu yetu wanataka iuzwe, nusu wanasema ingoje Julai.