Kuchemka, Joto Kuzidi na Kuungua: Istilahi za Giaboksi kati ya Lodwar na Kakuma

Dereva akisema gari limechemka, kila mtu hapa Kenya anamwelewa. Maji ya rejeta yamepata moto kupita kiasi, sindano imepanda hadi kwenye alama nyekundu, na mvuke unafuka chini ya boneti. Kwa injini, neno hilo ni sahihi, kwa sababu kinachochemka ni maji na dalili yake inaonekana kwa macho. Shida huanza pale neno hilohilo linapohamishiwa kwenye giaboksi ya gari la otomatiki. Ndani ya giaboksi hakuna maji wala mvuke, na mara nyingi kwenye dashibodi hakuna hata sindano ya kumwonya dereva. Katika kilomita 120 hivi zinazotenganisha Lodwar na Kakuma, kosa hilo la jina linaweza kumgharimu mtu giaboksi nzima, maana huduma ya kwanza ya injini iliyochemka si huduma ya kwanza ya giaboksi iliyopata joto. Naona Kiswahili cha magari kinahitaji istilahi tatu zenye mipaka iliyo wazi: kuchemka kwa maji ya injini, joto kuzidi giaboksini kwa hali ya hatari, na kuungua kwa madhara yanayofuata. Maneno yote matatu tayari yako vinywani mwa mafundi. Kilichobaki ni kukubaliana kila moja lifanye kazi gani.

Tuanze na chanzo cha joto lenyewe. Katika giaboksi ya otomatiki ya kawaida, injini haishikani moja kwa moja na gia. Kati yake kuna chombo ambacho mafundi hukiita toki konvata. Ni magurudumu mawili yenye mapezi yanayotazamana ndani ya oili, na katikati yao kuna gurudumu la tatu la mapezi linaloielekeza oili irudi kwa nguvu. Gurudumu la upande wa injini huisukuma oili, nayo oili hulisukuma gurudumu la upande wa gia. Yakizunguka kwa mwendo unaokaribiana, nguvu nyingi hufika kwenye matairi. La injini likizunguka kwa kasi huku la gia likikokota, tofauti hiyo huitwa mtelezo, na nguvu inayopotelea kwenye mtelezo hugeuka joto ndani ya oili. Gari likishika mwendo wa kutosha, klachi ndogo iliyomo humo hufunga magurudumu hayo pamoja, mtelezo ukaisha na oili ikaanza kupoa. Kwa hiyo giaboksi inaweza kukaa salama kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa juu ya lami, kisha ikapata joto la kuiua kwenye mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu.

Mwendo huo wa kutembea ndio mwendo wa mchangani, na Turkana, kaunti ya Lodwar na Kakuma, ina mchanga tele. Ukiacha lami kuelekea kijijini au kwenye kisima, unavuka laga moja baada ya nyingine, mikondo ya mito ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mkavu. Chukua gari lililokwama katikati ya laga, dereva amekanyaga mafuta, injini inatoa kilowati 30, na matairi hayazunguki. Nguvu yote hiyo inaingia kwenye oili. Ikiwa giaboksi ina lita 7 za oili, yaani karibu kilo 6, hesabu ya fizikia inaonyesha kwamba joto lake linaweza kupanda kwa nyuzi 2 na nusu kila sekunde, kabla ya kuhesabu kile kinachomezwa na chuma au kupunguzwa na kipoza. Sekunde 20 za ukaidi ni nyuzi 50. Si ajabu basi kwamba vitabu vya ufundi vya Toyota, vinapoeleza jinsi ya kuipima giaboksi kwa kukanyaga mafuta huku breki imeshikwa, vinamkataza fundi kuzidisha sekunde 5. Anayejaribu kujitoa mchangani kwa kurusha gari mbele na nyuma kwa dakika kadhaa anafanya jaribio lilelile bila kuangalia saa.

Wengi watasema kwamba mkosaji ni jua la Lodwar. Mji huo uko kwenye mwinuko wa mita 500 hivi tu kutoka usawa wa bahari, na joto la mchana hufika nyuzi 35 na zaidi karibu mwaka mzima. Jua lina mchango wake, na mchango huo unapimika. Kipoza cha oili hufanya kazi kwa tofauti iliyopo kati ya joto la oili na joto la hewa. Oili ikiwa na nyuzi 100 na hewa nyuzi 25, tofauti ni 75. Hewa ikiwa nyuzi 40, tofauti inabaki 60. Uwezo wa kupoza umepungua kwa moja ya tano. Kwa upande mwingine, hewa ya Lodwar ni nzito kuliko ya Nairobi, iliyo juu zaidi ya mita 1,600, na hewa nzito hubeba joto vizuri zaidi, kwa hiyo sehemu ya hasara hiyo inarudishwa. Katika magari mengi, isitoshe, kipoza cha oili kimefichwa ndani ya tangi la rejeta. Oili inapozwa na maji ya injini ambayo yenyewe yana nyuzi 80 au 90, na haiwezi kupoa kupita maji hayo. Jua basi linapunguza nafasi ya kupona, ila halileti ugonjwa. Ugonjwa unaletwa na mtelezo, na mtelezo uko chini ya mguu wa dereva.

Ushahidi wa ziada unatoka mbali na jangwa, kwenye magari ya kasi yanayokimbizwa katika viwanja vya mashindano huko Ulaya na Japani. Pale barabara ni safi na hewa inaingia kwa wingi puani mwa gari, na mara nyingi hali ya hewa ni ya baridi. Hata hivyo wenye magari hayo huhangaika na joto la giaboksi, kwa sababu kila baada ya sekunde chache kuna kuongeza mwendo, kufunga breki na kushusha gia, na oili haipati nafasi ya kupumzika. Wao hufunga kipoza cha pekee kinachopulizwa na hewa, huweka kipimo cha joto la oili mbele ya macho yao, na humaliza kwa mzunguko wa polepole ili giaboksi ipoe kabla ya kuegesha. Hapa kwetu, Safari Rally iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, mchanga laini wa Kedong karibu na Naivasha ulimkwamisha Kalle Rovanperä, dereva wa kiwango cha juu kabisa. Gari lake lilikuwa na giaboksi ya mashindano, tofauti na otomatiki ya kawaida, lakini mchanga ulidai haki yake vilevile: nguvu nyingi, mwendo mdogo. Mwenye gari la kasi na mwenye gari la kwenda Kakuma wana adui mmoja, na wote wanahitaji neno litakalowaonyesha adui huyo.

Hapo ndipo jina linapogeuka kuwa suala la vitendo. Injini ikichemka, dereva anajua la kufanya: asimame, aizime, asubiri ipoe, na asifungue kifuniko cha rejeta kingali moto. Joto likizidi giaboksini wakati maji ya injini yako sawa na oili haivuji, hatua sahihi ni kinyume chake. Dereva asimame, aweke gia kwenye P au N, aache injini ingurume taratibu. Pampu ya oili ya giaboksi inaendeshwa na injini. Injini ikizimwa, oili inasimama palepale ilipopatia joto, ndani ya toki konvata, wala haifiki tena kwenye kipoza. Aliyefundishwa kwamba kila joto ni kuchemka atazima injini kwa uangalifu wote na kwa nia njema, na hivyo kuifungia oili yake ndani ya moto. Istilahi isiyotenganisha hali mbili zenye tiba zinazopingana ni istilahi mbovu, hata kama imezoeleka kiasi gani.

Tuyapime sasa maneno tuliyo nayo. Kwa chombo chenyewe, vitabu hupenda sanduku la gia, na gereji husema giaboksi. Nachagua giaboksi, kwa kuwa ni fupi, limekubali viambishi vyetu bila shida (giaboksini, magiaboksi), na halimfanyi msomaji afikirie sanduku la kuhifadhia kitu. Kwa hali ya joto, kupata moto ni msemo hai lakini hauna kipimo, maana kila giaboksi inayofanya kazi hupata moto, na nyuzi 80 hadi 95 ni joto lake la kawaida. Kupashwa joto kupita kiasi ni maelezo zaidi ya jina. Joto kuzidi ni fupi, linabeba wazo la mpaka uliovukwa, na linazaa misemo bila kulazimishwa: joto limezidi giaboksini, taa ya joto kuzidi, kinga dhidi ya joto kuzidi. Kwa madhara, kuungua ndilo neno lenyewe. Oili ya giaboksi huharibika kama mafuta ya kukaangia mandazi yaliyorudiwa siku baada ya siku: hayachemki, huwa meusi, huwa mazito na hutoa harufu ya kuungua. Fundi akichomoa kijiti cha kupimia, akapaka tone kwenye karatasi nyeupe, akaona wekundu wa oili mpya umegeuka kahawia iliyoiva na pua ikamwambia vivyo hivyo, haoni mchemko wowote. Anaona kuungua. Kwa makadirio yanayotumika katika fani hii, kila nyuzi 10 zinazozidi joto la kawaida hupunguza umri wa oili kwa nusu hivi. Kwenye nyuzi 120 oili huanza kuacha utando kama vanishi, na kwenye 150 sahani za klachi za ndani huteleza na kuungua zenyewe.

Pingamizi la kwanza ni kwamba magari mengi ya Turkana, hasa Land Cruiser za mashirika yanayohudumia Kakuma tangu kambi ya wakimbizi ilipoanzishwa huko mwaka 1992, ni ya gia za mkono, kwa hiyo mjadala huu hauyahusu. Ni kweli hayana toki konvata. Lakini dereva wa gari hilo akikanyaga klachi nusunusu mchangani, sisi sote husema klachi imeungua, na hakuna anayesema imechemka. Lugha tayari imelitambua joto la mtelezo na kulipa kitenzi chake, nami naomba tu kitenzi hicho kivushwe hadi kwenye otomatiki. Magari ya otomatiki nayo yanaongezeka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na mengi ya magari madogo yanayotoka Japani sasa, zikiwemo Probox za toleo lililoanza kuuzwa mwaka 2014, yana giaboksi ya CVT. Hiyo hutumia mkanda wa chuma badala ya gia za kawaida na inataka oili yake maalumu. Ukilipakia gari lenye giaboksi hiyo watu na mizigo kupita uwezo wake, joto linaweza kuzidi hata kabla ya kufika mchangani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: dashibodi za magari zimeandikwa Kiingereza, na taa ya A/T OIL TEMP ikiwaka dereva ataisoma hivyo hivyo. Jibu langu ni kwamba taa inaonyesha mahali palipo na joto bila kueleza la kufanya, na magari mengi hayana taa hiyo kabisa. Maelezo hutolewa na watu: fundi, mwalimu wa udereva, turnboi, dereva mwenzako aliyesimama kukusaidia. Kambi ya Kakuma na makazi ya jirani ya Kalobeyei zinahifadhi zaidi ya watu laki mbili kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko, na gereji zake hukutanisha Mturkana, Msomali na Mkongomani juu ya injini moja. Mkongomani amezoea majina ya Kifaransa na Mkenya ya Kiingereza, na mara nyingi wanachokutania ni Kiswahili. Pale ambapo lugha ya pamoja ndiyo chombo cha kazi, maneno yake yanastahili kunolewa kama spana na bisibisi zinavyotunzwa.

Mafundisho yanayotokana na istilahi hizi ni ya wazi. Kabla ya kuingia laga, punguza upepo wa matairi, tumia gia nzito ya nne kwa nne ikiwa gari linayo, na uchague gia ya chini ili mtelezo upungue. Ukikwama, acha kukanyaga mafuta na uchukue koleo. Anayebeba mzigo kila siku afunge kipoza cha nje, na abadilishe oili mapema bila kuamini maneno kwamba oili hiyo inadumu maisha yote ya gari. Vyuo vya ufundi vya Lodwar na Kakuma, pamoja na wanaowafunza madereva wa kaunti na wa mashirika, waandike maneno haya matatu kwenye karatasi moja, kila neno na hatua yake: injini imechemka: izime; joto limezidi giaboksini: weka P au N na uache injini ingurume; oili imeungua: ibadilishe kabla ya safari nyingine.