Waliojifunza Kando ya Tingatinga

Mwaka 1972 polisi wa Dar es Salaam walimpiga risasi Edward Saidi Tingatinga wakimdhania mhalifu, akafariki. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Mtindo wake haukuzikwa naye, kwa sababu jamaa zake walikuwa wameshauiga mpaka ukawakaa mkononi.

Mzaliwa huyo wa Tunduru alianza kuchora mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Picha ziliuzwa penye duka la Morogoro Stores, Oysterbay, mtaa wenye wageni wengi. Wateja walipozidi, akawavuta ndugu na jamaa: Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo na Ajaba Abdallah.

Walijifunza kwa kukaa karibu na fundi na kutazama. Hata leo, mwanagenzi kwa kawaida huanzia chini: anapaka rangi ya nyuma, anasubiri ikauke, anajaza maumbo yaliyochorwa na mkubwa wake, anatia madoa. Rangi ile ni nzito na haina subira na mtu anayesitasita. Ukiigusa mbichi inavurugika. Mstari wa mgongo wa chui hauna budi uwe umeshaingia mkononi kabla brashi haijagusa ubao, nao hauingii ila kwa kumchora chui yuleyule tena na tena.

Wapo wanaozibeza picha hizi kuwa ni nakala za kuuzia watalii. Ni kweli nyingi zimechorwa kwa haraka, na inauma kuziona. Lakini lawama hiyo inamsahau Mohamed Charinda, aliyepita katika njia hiyohiyo ya kuiga kisha akajaza mbao zake watu, vijiji na visa vya kale. Inamsahau pia David Mzuguno, ambaye misitu yake imesongamana rangi, mbali kabisa na mnyama mmoja wa Tingatinga aliyesimama peke yake.

Mwaka 1990 wachoraji walisajili chama chao cha ushirika. Pale, anayeiga mtindo husaini jina lake mwenyewe pembeni mwa picha. Kosa ni la wale wanaochora chui leo, wakaandika chini yake jina la marehemu na kumuuzia mtu kwa bei ya kazi halisi ya Tingatinga.