Ligi za Chini Zikipangwa Upya, Timu ya Mtaa Inahama na Nani?

Kila msimu ukikaribia, swali ni lile lile kwenye baraza za Ukunda, Msambweni na Kwale mjini: timu yetu mwaka huu inacheza ligi gani? Mmoja atakwambia imepanda daraja. Mwengine atasema imeshuka. Wa tatu atasema imehamishwa kanda. Na wa nne, yule mzee ambaye kwa kawaida huwa kimya, atasema ile si timu yetu tena, nafasi yake ishauzwa.

Mara nyingi wote wanne wana sehemu ya ukweli, kwa sababu klabu hubadili ligi kwa njia zaidi ya moja. Makala haya yanaeleza ngazi za mpira wetu zilivyo, kwa nini hupangwa upya, na mwanachama wa kawaida aangalie nini pale atakapoambiwa timu yake inahama.

Ngazi zilivyo

Juu kabisa ni Ligi Kuu ya Kenya, yenye klabu 18. Hapo Pwani imezoea kuwakilishwa na Bandari FC ya Mombasa, klabu ya Halmashauri ya Bandari. Chini yake kuna Ligi ya Supa ya Kitaifa, yaani NSL. Kisha linakuja Daraja la Kwanza, halafu Daraja la Pili, na chini ya hapo ligi za eneo, za kaunti na za kaunti ndogo. Majina ya ngazi za chini hubadilika ofisi zikibadilika, lakini mpango ni ule ule: kadiri unavyopanda ndivyo kanda inavyokuwa pana.

Ukiwa ligi ya kaunti ndogo, ugenini ni kijiji cha jirani, mtu anafika kwa bodaboda. Ukifika Daraja la Kwanza, mwenzako wa ligi anaweza kuwa wa Nairobi, karibu kilomita 480 kutoka Mombasa, na wewe kwanza uvuke feri pale Likoni au uzunguke kwa barabara ya Dongo Kundu. Klabu kama SS Assad ya Ukunda, iliyowahi kucheza ligi hizo za kitaifa za chini, inaijua safari hiyo.

Pwani haikuanza nyuma. Mwaka 1965 Feisal ya Mombasa ilikuwa bingwa wa Kenya, msimu wa tatu tu tangu ligi ya taifa ianze 1963. Tangu siku hiyo hakuna klabu nyingine ya Pwani iliyolitwaa taji hilo. Bandari ilikaribia ilipomaliza ya pili msimu wa 2018/19, mwaka huo huo ikachukua kombe la Shield. Watu hutoa sababu nyingi. Mimi naitaja moja isiyosemwa sana: ngazi za chini hazipandiki. Vijana wapo na vipaji vipo, lakini timu inayopanda hufa njiani.

Hesabu ya safari

Tufanye hesabu pamoja. Ligi ya timu 16, nyumbani na ugenini, ni mechi 30 kwa kila timu. Kumi na tano kati ya hizo ni za ugenini. Wachezaji 18, kocha, meneja na wasaidizi wawili ni watu 22, na matatu ya abiria 14 haiwatoshi. Basi ni matatu mbili, mara 15, kwenda na kurudi, kabla hujanunua maji, hujalipia malazi wala hujamtibu aliyeumia.

Sasa chukua timu zile zile 16 uzigawe makundi mawili ya timu nane nane kwa ukaribu. Kila timu inacheza mechi 14, saba tu za ugenini, kisha vinara wa makundi wanakutana kumtafuta anayepanda. Safari zimepungua kwa zaidi ya nusu. Hasara ipo pia: mechi zikipungua, kijana anacheza kidogo, na mapato ya mlangoni kwa wachache wanaotoza kiingilio yanapungua.

Hiyo ndiyo maana halisi ya kupanga upya madaraja. Ukisikia maneno makubwa kuhusu muundo mpya, uliza jambo moja: safari za ugenini zimeongezeka au zimepungua?

Timu niliyoichezea nikiwa kijana, nisiyoitaja jina, iliuliwa na kupanda daraja. Tulisherehekea mtaani usiku kucha. Mechi ya kwanza ya ugenini tulikwenda kwa harambee. Ya tatu tulikwenda watu kumi na mmoja kamili, kipa akiwa na homa. Ya tano hatukwenda, mwenyeji akapewa ushindi wa mezani. Kabla msimu haujaisha tulifutwa. Jezi ziligawanywa, na baadhi ya wenzangu hawakugusa mpira wa mashindano tena.

Kwetu kusini kuna mambo mengine ambayo anayechora kanda kutoka mbali hayaoni. Wachezaji wetu wengi ni wafanyakazi wa hoteli za Diani, waendesha boda na wavuvi wa Gazi, Msambweni na Shimoni. Wikendi, siku ya mechi, ndiyo siku hoteli zina kazi zaidi. Kufungwa kwa mgodi wa Base Titanium mwishoni mwa 2024 kumeondoa ajira, na harambee za mtaani zimezidi kuwa ngumu. Halafu kuna Ramadhan, ambayo miaka hii inaangukia Februari na Machi, katikati ya msimu. Mechi ya saa kumi alasiri Tiwi, kijana anafuturu kwao. Mechi hiyo hiyo ikiwa Voi, atafuturu kwa tende na maji ndani ya matatu, na tarawehe imempita.

Ramani ya kaunti na ramani ya mpira

Baada ya Katiba ya 2010 nchi iligawanywa kaunti 47, na uongozi wa soka nao ukafuata kaunti. Kwa utawala ni sawa. Kwa mpira inazua mambo ya ajabu.

Kwale ina zaidi ya kilomita mraba 8,000 na, kwa sensa ya 2019, watu 866,820. Inaanzia mpakani mwa Likoni, inafuata bahari mpaka Vanga na Lunga Lunga kwenye mpaka wa Tanzania, kisha inaingia bara hadi Kinango, Samburu na Mackinnon Road kwenye barabara kuu ya Nairobi. Timu ya Mackinnon Road iko karibu na Voi kuliko Vanga, ingawa Voi ni Taita Taveta. Timu ya upande wa Mazeras ina majirani zake Mariakani, kaunti ya Kilifi. Na timu ya Likoni au Mtongwe, kwa karatasi, ni ya Mombasa. Lakini Ng'ombeni na Waa ziko barabara moja nayo, wakati kwenda Kisauni lazima ivuke maji.

Kwa hivyo klabu kuomba kucheza kanda ya jirani si utovu wa nidhamu. Uingereza, ambako ligi za chini ni nyingi kuliko zetu, shirikisho lao hupanga klabu upya kwa jiografia kila msimu ukiisha, na klabu isiyoridhika hukata rufaa. Kuna waliovuka hata mipaka ya nchi. Berwick Rangers ni ya mji ulio ndani ya Uingereza, lakini inacheza ligi za Scotland kwa kuwa huko ndiko karibu. Derry City ya Ireland Kaskazini ilijitoa kwenye ligi yake mwaka 1972 wakati wa vurugu, ikakaa nje ya mpira wa ngazi ya juu miaka 13, kisha mwaka 1985 ikapokewa na ligi ya Jamhuri ya Ireland. Wakiweza wao kuvuka mpaka wa nchi, sisi kuvuka mpaka wa kaunti kwa makubaliano ni jambo dogo.

Njia nne za klabu kubadili ligi

Ya kwanza ni uwanjani: umeshinda umepanda, umeshindwa umeshuka. Hii haina mjadala.

Ya pili ni kuhamishwa kanda ukiwa daraja lile lile, kama nilivyoeleza. Ni halali ikifanywa na shirikisho, msimu haujaanza, na sababu zikiwa zimeandikwa.

Ya tatu ni klabu mbili kuungana. Ziko timu mbili mtaa mmoja, kila moja haina nauli, basi ziwe moja. Yafaa, lakini lazima wanachama wa pande zote mbili wapige kura, na ijulikane mapema timu mpya inaanzia daraja gani.

Ya nne ndiyo yenye sumu: nafasi ya ligi kuuzwa. Tajiri au mwanasiasa hataki kuanzia chini. Anatafuta klabu iliyopanda na isiyo na pesa, anawapa viongozi wawili watatu kitu kidogo, jina linabadilishwa, timu inahamishiwa mji mwengine. Mtaa uliopandisha timu kwa miaka unabaki na uwanja mtupu.

Mifano ipo. Uingereza, Wimbledon ilihamishwa London ikapelekwa Milton Keynes mwaka 2003, na mwaka uliofuata jina likabadilishwa. Mashabiki hawakungoja. Mwaka 2002, ruhusa ya kuhama ilipotolewa, waliunda klabu yao wenyewe, AFC Wimbledon, wakaanzia ligi za chini na baada ya miaka wakarudi ligi za kulipwa. Jirani zetu Tanzania, Ihefu iliyotoka Mbarali mkoani Mbeya ilipelekwa Singida, na mwaka 2024 ikawa Singida Black Stars. Hapa Kenya, Nakumatt FC iligeuka Mount Kenya United mwaka 2018, na msimu uliofuata ikashuka daraja. Sisemi kila badiliko la jina ni dhulma. Nasema tuulize: waliokuwa wakienda kiwanjani jua na mvua waliulizwa?

Kanuni zinasemaje

FIFA ina kanuni inayogusa jambo hili moja kwa moja, katika kanuni za kutekeleza katiba yake. Inasema haki ya klabu kucheza ligi itokane kwanza na matokeo ya uwanjani. Inakataza klabu kubadilisha muundo wake, makao, jina au umiliki kwa nia ya kupata nafasi ambayo haikuipata kwa kucheza, pale ambapo hilo linaharibu uadilifu wa mashindano.

Nyumbani tuna Sheria ya Michezo ya 2013. Inataka vyama vya michezo visajiliwe kwa Msajili wa Michezo, na klabu ni mojawapo ya aina tatu za usajili, pamoja na vyama vya kaunti na vya kitaifa. Sheria hiyo pia iliunda Mahakama ya kutatua migogoro ya michezo. Hiyo si ya wakubwa peke yao, lakini ndiyo iliyofuta uchaguzi wa shirikisho mwaka 2019 na tena Machi 2020.

Tatizo letu ni kwamba timu nyingi za mtaa hazina cheti wala katiba. Zina mwenyekiti, mfuko wa jezi na kundi la WhatsApp. Timu ya namna hiyo mbele ya sheria haina mwenyewe. Atakayeonekana na barua ya ligi mkononi ndiye mwenye timu. Hata ukienda mahakamani utaulizwa: wewe ni nani katika klabu hii? Huna kadi, huna kumbukumbu za mkutano, huna jina kwenye daftari. Utarudi nyumbani.

Maswali ya kuuliza

Kabla mtaa wako haujakubali timu ihame au ligi ipangwe upya, ulizeni haya, na majibu yaandikwe:

Klabu imesajiliwa kwa jina la nani, na cheti kiko wapi?

Je, katiba ya klabu inasema nafasi ya ligi, jina na makao haviwezi kuuzwa wala kuhamishwa bila kura ya wanachama wote?

Kanda mpya ina timu ngapi, na safari ndefu kabisa ya ugenini ni wapi?

Nauli ya msimu mzima imepatikana, au ni ya mechi tatu za mwanzo?

Ratiba imezingatia Ramadhan na mvua za masika?

Ikiwa tumeonewa, rufaa inapelekwa wapi na kwa muda gani?

Shirikisho lina uongozi mpya tangu uchaguzi wa Desemba 2024, baada ya miaka iliyojaa kesi, kuvunjwa kwa ofisi mwaka 2021 na marufuku ya FIFA iliyodumu sehemu kubwa ya mwaka 2022. Muundo wowote ukija utatoka kwao na kwa matawi yao. Lakini cheti cha klabu hakitoki Nairobi kikaletwa mlangoni kwako. Kinaanza na watu kumi wa mtaa mmoja kukaa baada ya Isha, kuandika majina yao, kuchagua viongozi na kukubaliana kwamba timu hii ni yetu sote.

Timu yetu ya zamani haikuwa na karatasi hiyo. Ilipofutwa, hapakuwa na mtu wa kuuliza wala wa kuulizwa. Kile kiwanja bado kipo, na jioni watoto wanacheza. Nikipita huwa nawauliza timu yao inaitwaje, na kila siku wananipa jina jipya.