Ubelgiji katika mwaka 2022: mambo ya Brussels yanavyotugusa Kasongo na Kabambare

Habari za Ubelgiji hutufikia huku kusini mwa Maniema vipande vipande, kwa redio na kwa simu za ndugu walio ng'ambo. Mara tunasikia mfalme ameshuka Kinshasa, mara jino la Lumumba limerudishwa, mara wabunge wa Brussels wameshindwa kupatana. Katika makala hii tumeviweka vipande hivyo mahali pamoja ili walimu, wachungaji na vijana wa Kasongo na Kabambare wapate pa kusomea. Tumeuchagua mwaka 2022 kwa sababu, kwa maoni yetu, katika miaka ya karibuni hakuna mwaka ambao Wabelgiji walizungumza juu ya Kongo mbele ya watu wote kama huo.

Tuanze na nchi yenyewe. Ubelgiji ni ndogo. Jimbo letu la Maniema peke yake linaizidi kwa ukubwa mara nne na zaidi. Lakini ina watu zaidi ya milioni 11 na lugha tatu za serikali: Kiholanzi upande wa Waflama, Kifaransa upande wa Wawaloni, na Kijerumani katika sehemu ndogo ya mashariki. Mfalme ni Philippe, aliyeketi kitini mwaka 2013, ila mfalme wa kule hatawali. Kila neno zito analosema hadharani lazima serikali ilibebe. Mwaka 2022 serikali ilikuwa ya vyama saba vilivyoungana tangu tarehe 1 Oktoba 2020 chini ya Waziri wa Kwanza Alexander De Croo. Vyama saba katika chungu kimoja: msomaji alikumbuke hilo, kwa maana tutalirudia tukifika Desemba.

Mambo ya nyumbani kwao tutayapitia haraka. Vita vya Ukraine vilipoanza mwezi wa pili, bei ya gesi na umeme ilipanda hata mfumuko wa bei ukapita asilimia 10. Wafanyakazi waligoma nchi nzima tarehe 9 Novemba. Serikali iliyokuwa imeahidi kufunga mitambo yote ya nyuklia iliamua mwezi wa tatu kuiongezea miwili, Doel 4 na Tihange 3, miaka 10 ya kazi. Wakimbizi wa Ukraine zaidi ya 60,000 walipewa ulinzi mara moja, na wakati huohuo waomba hifadhi kutoka nchi nyingine walilala barabarani mjini Brussels kwa kukosa nafasi katika vituo, ijapokuwa mahakama ziliamuru mara nyingi wapokelewe. Sisi tunaoishi na majirani waliokimbia vijiji vyao tunajua maana ya mlango kufunguliwa kwa mmoja na kufungwa kwa mwingine. Desemba ikaleta kesi ya mashambulio ya mabomu ya 22 Machi 2016, na kukamatwa kwa watu katika Bunge la Ulaya kwa tuhuma za kupokea rushwa ya Qatar. Katika Kombe la Dunia huko Qatar, timu yao ilitolewa katika hatua ya makundi.

Sasa tuje kwa mambo yanayotuhusu. Mwezi wa pili, huko Tervuren karibu na Brussels, De Croo alimkabidhi Waziri wa Kwanza wetu wa wakati ule, Sama Lukonde, orodha ya vitu vya Kongo vilivyomo katika jumba la makumbusho la Afrika. Orodha ilikuwa na vitu kama 84,000: vinyago, ngoma, viti vya machifu, silaha, nguo. Orodha si vitu. Lakini kabla ya hapo Kongo ilikuwa inadai mali bila kujua hesabu yake.

Tarehe 7 Juni Mfalme Philippe na Malkia Mathilde walifika Kinshasa, safari yake ya kwanza katika nchi yetu tangu apate ufalme. Siku ya pili alisema mbele ya wabunge na watu waliokusanyika kwamba utawala wa kikoloni haukuwa na haki, ulisimama juu ya ubaguzi wa rangi, uliwadhalilisha na kuwatesa watu. Akarudia neno alilokuwa ameliandika katika barua ya 30 Juni 2020: majuto yake makubwa kwa majeraha ya zamani. Siku hiyohiyo alilipeleka kwenye makumbusho ya taifa barakoa kubwa ya Wasuku, Kakuungu. Wengi wetu tulidhani imerudishwa. Haikurudishwa, iliazimwa kwa muda usio na mwisho, kwa sababu wakati ule sheria ya Ubelgiji haikuwa bado imefungua njia ya kuitoa. Kutoka Kinshasa mfalme alikwenda Lubumbashi, kisha Bukavu, kwa Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi. Maniema haikuwamo katika safari. Akaondoka tarehe 13 Juni, siku ileile M23 walipouteka mji wa Bunagana.

Hapa tuseme neno juu ya maneno. Katika Kiswahili chetu, mtu anaweza kukuambia "pole" hata kama hakukukosea. Jirani akifiwa tunampa pole, mvua ikibomoa nyumba yake tunampa pole. Anayesema "nisikitikie" au "ninajuta" amekwenda mbele kidogo. Lakini anayesema "nimekukosea, unisamehe" amejitaja mwenyewe kuwa mwenye kosa, na huku kwetu hatumi neno hilo kwa mtu mwingine, wala haji mikono mitupu. Wazee huketi, kosa hutajwa kwa jina, kisha huulizwa ni nini kitakachotolewa. Wabelgiji wanaijua tofauti hii vizuri kama sisi, na ndiyo sababu mwaka mzima walibishana juu ya neno moja.

Neno hilo lilisemwa mara moja, katika jambo moja. Tarehe 20 Juni, katika jumba la Egmont mjini Brussels, mwendesha mashtaka wa shirikisho aliwakabidhi watoto wa Patrice Emery Lumumba kisanduku cha buluu chenye jino la baba yao. Lumumba, aliyesoma katika shule za misheni za Kikatoliki na za Wamethodisti huko Sankuru, na ambaye katika ujana wake alipata kufanya kazi Kalima, hapa Maniema, katika kampuni ya bati ya Symétain, aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Miili yao ilikatwakatwa na kuyeyushwa katika tindikali. Polisi Mbelgiji aliyeifanya kazi hiyo, Gérard Soete, alijichukulia jino na baadaye akajisifu nalo katika mahojiano. Jino lilikamatwa na sheria mwaka 2016, na mwaka 2020 binti Juliana Lumumba alimwandikia mfalme kuomba mabaki ya baba yake. Siku ile ya Juni De Croo alikiri wajibu wa kimaadili wa wakuu wa Ubelgiji wa wakati ule na akaomba msamaha mbele ya familia kwa niaba ya serikali yake. Mwaka 2002 waziri Louis Michel alikuwa ameomba msamaha pia, baada ya uchunguzi wa bunge.

Jeneza lilisafirishwa Kinshasa, likafika Tshumbe na Onalua kwa wazazi wake, likapita Kisangani na Shilatembo alipouawa, na likawekwa Limete tarehe 30 Juni. Kwa sisi Waprotestanti wa Maniema, majirani wa Sankuru na wengi wetu wenye damu ya Kitetela, ilikuwa ni matanga yaliyocheleweshwa miaka 61. Hatuna haja ya kumfanya Lumumba mtakatifu ili kusema kwamba maiti ana haki ya kuzikwa.

Siku zilezile za mwisho wa Juni, katika mtaa wa Ixelles mjini Brussels, sanamu ya jenerali Émile Storms iliondolewa. Wengi huku hawalijui jina hilo, lakini watu wa kando ya ziwa Tanganyika wanalo: ndiye ambaye watu wake mwaka 1884 walimuua chifu Lusinga wa Watabwa, na fuvu lake likapelekwa Ulaya.

Na sisi je? Kasongo imo katika mawe ya Ubelgiji zaidi ya tunavyodhani. Mnamo 1892 mji wa Kasongo, ule wa kale unaoitwa leo Tongoni, ulikuwa chini ya Sefu mwana wa Tippu Tip. Maofisa wawili wa Leopold II waliokaa hapo, Lippens na De Bruyne, waliuawa mwishoni mwa mwaka huo vita vilipoanza. Majeshi ya Francis Dhanis yakauteka Nyangwe tarehe 4 Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili. Kisha vita vikahamia upande wa Kabambare dhidi ya Rumaliza, hata vikamalizika mwanzoni mwa 1894. Dhanis akapewa cheo cha baroni. Lippens na De Bruyne wakajengewa mnara Blankenberge, kando ya bahari, na mnara mkubwa zaidi, wa 1921, umesimama katika bustani ya Cinquantenaire mjini Brussels ukiwasifu askari wa Ubelgiji kwa kuwaangamiza Waarabu wafanya biashara ya watumwa. Msikiti mkuu wa Brussels uko katika bustani hiyohiyo, na neno "Mwarabu" katika mnara huo limefutwa na kurudishwa mara kadhaa.

Ubishi huo wa neno moja jiweni hutuchekesha na kutuhuzunisha. Waliokufa wengi katika vita ile hawakuwa Waarabu wala Wabelgiji. Walikuwa Wangwana, Wazimba, Wakusu, Watetela na wengine, wakipigana pande zote mbili, na vijiji vyao vikilishwa majeshi yote mawili. Biashara ya watumwa ilikuwa uovu wa kweli. David Livingstone, aliyekaa miezi mingi Bambare, yaani Kabambare, aliona kwa macho yake mauaji ya soko la Nyangwe tarehe 15 Julai 1871. Lakini walioiondoa walileta kazi ya kulazimishwa na mpira wenye damu, na kati ya waliolitoa jambo hilo nje walikuwamo wamisionari wa Kiprotestanti kama William Sheppard na William Morrison wa Kasai, waliofikishwa mahakamani mwaka 1909 kwa sababu ya waliyoyaandika. Historia yetu haitoshei katika mnara wenye adui mmoja tu.

Ndiyo sababu tulikuwa tumeitazama kwa tumaini tume ya bunge iliyoundwa Julai 2020 kuchunguza ukoloni katika Kongo, Rwanda na Burundi. Wataalamu walitoa ripoti nene mwaka 2021. Wabunge wakasikiliza mashahidi wengi sana, wakafika mpaka Kongo mwaka 2022. Mwenyekiti, Wouter De Vriendt wa chama cha Kijani cha Waflama, aliandika mapendekezo 128. Kati yake moja lilikuwa zito: Bunge liwaombe msamaha watu wa Kongo, Rwanda na Burundi. Rasimu ilieleza hata kwamba msamaha huo hauleti deni la kisheria. Haikutosha. Vyama vya kiliberali vilivyokuwa serikalini viliogopa kwamba neno litafungua mlango wa fidia. Wengine wakakataa kupitisha yale 127 bila lile moja. Tarehe 19 Desemba tume ikafungwa bila kupatana.

Tunaelewa hofu ya fidia, kwa kuwa tunaiona hapa nyumbani. Watu wa Salamabila, katika Kabambare, wamegombana miaka mingi na mgodi wa Namoya wa kampuni ya Banro juu ya kilima cha Mwendamboko na malipo yake, na mgodi ulisimamisha kazi mwaka 2019 katikati ya vurugu za silaha. Anayeogopa kulipa huogopa kwanza kutaja alichokichukua. Hata hivyo hatukubali wanaosema kwamba tume ilikuwa bure. Ushuhuda wote ulioandikwa uko wazi kwa anayetaka kusoma, na mahakama hazikungoja wabunge: tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Brussels iliihukumu serikali ya Ubelgiji kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, kwa kuwanyang'anya mama zao watoto watano machotara wa Kongo wakati wa ukoloni. Wanawake hao, wazee sasa, walipewa yuro 50,000 kila mmoja.

Limebaki jambo la sheria ya 3 Julai 2022, ambayo walimu wa historia wanatuuliza mara nyingi. Sheria hiyo inaruhusu vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni na vilivyomo katika mikono ya serikali ya shirikisho kurudishwa, baada ya nchi mbili kufanya mkataba na wataalamu wa pande zote kuchunguza namna kila kitu kilivyopatikana. Vitu vya watu binafsi havimo. Mabaki ya wafu hayamo. Nyaraka nazo hazimo, na hapo ndipo Kasongo inapoumia, maana karatasi za Dhanis, pamoja na zile za miaka ya vita vya Maniema, zimehifadhiwa Tervuren. Mwalimu wa Kasongo anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake yaliyoandikwa juu ya mji wao mwaka 1893 bado anahitaji viza.