Esere: Kutoka Kiapo cha Calabar hadi Dawa ya Kumbukumbu

Esere ni neno la Kiefiki, lugha ya watu wa Calabar, kusini-mashariki mwa Nijeria. Lataja mbegu yenye sumu ya mmea utambaao penye maji. Msemaji wa Kiswahili angesema: huo ndio mwavi wao, ijapokuwa mwavi tuujuao watokana na gome la mti mwingine. Aliyetuhumiwa uchawi alilishwa mbegu hiyo. Akitapika, hana hatia. Akifa, amekwisha kuhukumiwa. Waliangamia watu wengi kwa njia hiyo, nasi hatuoni sababu ya kulipamba jambo hilo kwa vile tu ni la mababu.

Wamisionari wa Uskoti, walioingia Calabar mwaka 1846, walipeleka mbegu hizo Edinburgh. Mwaka 1855 profesa Robert Christison alizionja mwenyewe. Viungo vilipomlegea, akili yake ikiwa timamu bado, alijitapisha kwa kunywa maji aliyonyolea ndevu. Mwaka 1864 Wajerumani Jobst na Hesse walikitenga kiini cha sumu, wakakiita fizostigmini, kwa kufuata jina la kibotania lenye asili ya Kigiriki. Mwaka uliofuata Vée na Leven, huko Ufaransa, walikipata kikiwa fuwele, nao wakakiita eserini: neno la Kiefiki lililotiwa mkia wa Kifaransa. Kitu kimoja, majina mawili. Ni la pili tu linalokumbuka kilikotoka.

Yahusuje kumbukumbu? Mwaka 1926 Loewi na Navratil walionyesha kwamba eserini huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ipelekayo habari kutoka neva moja hadi nyingine. Kemikali ikikawia, habari hupita kwa nguvu zaidi. Nusu karne baadaye, mwaka 1976, iligunduliwa kwamba ubongo wa waliofariki kwa ugonjwa wa Alzheimer umepungukiwa sana na kimeng'enya kingine, kile kinachoitengeneza asetilikolini. Mwaka 1978, huko Marekani, Davis na wenzake waliwapa watu wazima wenye afya kipimo kidogo cha fizostigmini, na uwezo wao wa kuhifadhi mambo mapya ukaongezeka.

Lakini nafuu hiyo haikudumu, na kipimo kikizidi kidogo tu mgonjwa hushikwa na kichefuchefu na kutapika. Yaani dalili ileile iliyomwokoa mtuhumiwa wa Calabar ndiyo iliyoikwamisha dawa. Watafiti wakatafuta molekuli ya mfano huohuo, iliyo pole zaidi na yenye kudumu. Ndiyo rivastigmini, iliyoidhinishwa kwanza Uswisi mwaka 1997. Hupunguza dalili kwa muda; ugonjwa wenyewe hauukomeshi.

Katika jina hilo jipya, mkia wa Kigiriki, stigmini, umebaki mzima, kama ulivyobaki katika neostigmini na piridostigmini. Neno la Waefiki halimo.